Ganzi ya Kizuiani

Zubeda alikuwa amefika mstari wa sita wa msuko wa twende kilioni kichwani kwa Felicitas, jirani yake, alipoona damu kwenye kitana. Nywele za mbele, zile za karibu na sikio, zilikuwa zimeng'oka na ngozi yake. Felicitas alikuwa anatazama simu na kucheka.

"Mbona hukusema, dada?"

"Niseme nini? Leo mkono wako laini kweli."

Msusi huongozwa na kelele za mteja. Akisema taratibu, unalegeza. Akinyamaza, unavuta, maana nywele zikilegea kabla ya wiki watu watakuteta Mbagala nzima. Zubeda alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo na hakuwahi kumng'oa mtu. Alifuta damu, akaenda kwenye jiko la mkaa, akachovya ncha ya kidole kwenye sufuria ya chai iliyokuwa inachemka. Hakusikia kitu. Akajua mumewe kameza tena vidonge vyake.

Talha alikuwa mbeba magunia sokoni Buguruni. Mwaka jana gunia la viazi lilimwangukia kiunoni, na hospitali wakampa vidonge vya maumivu vya wiki mbili. Wiki mbili ziliisha, kiuno kikapona, vidonge havikuisha. Akimeza viwili, chumba chao kilikufa ganzi pamoja na kila aliyekuwamo. Akimeza vinne, uwanja mzima, mpaka kwenye bomba la maji. Watu wa Kizuiani wana mambo yao mengi, hawakupoteza muda kushangaa.

"Nimeacha zamani," Talha alisema kila mkewe alipomuuliza. "Wallahi, mama Nusaiba, huniamini?"

Zubeda alikuwa anamwamini kidogo, mpaka alipofua suruali yake akakuta makaratasi matupu ya vidonge, yamekunjwa madogo kama hirizi. Aliyarudisha mfukoni. Aliogopa kwamba akisema, Talha atahamisha maficho, na yeye atakosa hata habari hiyo.

Hofu haikufa ganzi, jamani. Ilikuwa pale pale, na yote ilikuwa juu ya mtoto. Nusaiba alikuwa na miaka miwili na nusu, umri wa kushika kila kitu, na mtoto hujifunza moto kwa kuungua. Kila baada ya swala Zubeda alimvua nguo akamkagua vidole, nyayo na nyuma ya masikio, kama anachambua mchele. Alikuta mwiba wa siku mbili. Siku nyingine alikuta kidole gumba kimetafunwa. Panya huuma na kupuliza, lakini wa nyumba hii hakuwa na haja ya kupuliza.

Majirani wao walifurahi. Bi Tunu, bibi mwenye mguu wa kisukari, alisogeza kitanda chake mpaka kwenye ukuta wa Zubeda, akapata usingizi wa kwanza tangu Ramadhani. Kina mama walileta mabinti kutoboa masikio. Jirani Kondo alikuja na wanawe wawili pamoja na ngariba, akaomba sebule, na baadaye akaleta sinia la pilau. Marselino, mwenye duka la dawa pale kona, ambaye hakuwahi kumuuliza Talha cheti cha daktari, alikuja kung'olewa gego.

Alhamisi hiyo hiyo, Felicitas alipoondoka, Zubeda alisikia harufu ya nyama. Nusaiba alikuwa amekaa anakula muhogo, kisigino amekiegemeza kwenye jiko. Alipomwona mamake alimkatia kipande.

Zubeda alimbeba mpaka kwenye jamvi alipolala Talha.

"Baba Nusaiba, mtazame mwanao."

Talha alimtazama kwa muda mrefu. Mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama punje za ulezi.

"Si halii," alisema. "Kama halii, si kitu."

"Halii kwa sababu yako! Umemeza vingapi?"

"Hata kimoja."

Bi Tunu akaita kutoka upande wa pili wa ukuta. "Usimbane mwenzio, mwanangu. Mtoto mpake asali, mwache mwanaume apumzike. Mie mguu huu nitaupeleka wapi?"

Zubeda akatoka na mtoto. Walipopita tu bomba la maji, Nusaiba alipiga yowe, na kidole cha Zubeda, kile cha chai, kikaanza kuwaka. Alisema alhamdulillahi kwa sauti. Kwenye zahanati, muuguzi aitwaye Monica alimuuliza kwa nini amechelewa kumleta, akajibu kwamba kwao hakuumi. Monica akaandika hivyo kwenye kadi.

Kuondoka aliwaza. Lakini Talha akilala alikuwa anapumua kwa nadra, na kumfinya hakukusaidia kitu katika nyumba ile. Ilibidi mtu amwekee kiganja puani na kungoja, na mtu huyo alikuwa yeye. Kwa hiyo kila alasiri alimpeleka Nusaiba ng'ambo ya bomba, alie, aonyeshe panapouma, kisha wakarudi.

Jumatatu, ng'ambo ya bomba, Nusaiba hakulia. Zubeda alijifinya mkono mpaka ukavilia damu. Wakaenda hadi msikitini, kimya. Wakaenda hadi kituo cha Rangi Tatu. Mama mmoja muuza samaki alikuwa anageuza vibua kwenye mafuta ya moto kwa vidole vyake, huku anapiga soga na wateja.

Zubeda alikimbia njia nzima kurudi kwa Talha, mtoto mgongoni.

Mlangoni alimkuta Marselino amesimama kwa adabu, na mfuko wa karatasi mkononi.

"Kalala," alisema. "Nimemletea vya kesho. Nikuachie wewe?"

Zubeda alipiga magoti kwenye jamvi, akaweka kiganja puani kwa Talha. Alihesabu mpaka kumi na tisa. Pumzi ikaja, ya uvuguvugu, ndogo.

"Mama Nusaiba, nikuachie?" Marselino aliuliza tena.

Zubeda alikuwa bado anangoja ya pili.