Ripoti za Korbesa

Ripoti ya kwanza ilitoka Korbesa, na ilikuwa fupi: "Kisima chetu kinatoa maji. Programu yenu inasema kimekufa." Kabale aliisoma, akamwandikia mtumaji amtumie picha ya skrini ya simu yake, kisha akaendelea na nyingine. Alipoikumbuka baadaye, alikuta imefungwa. Hitilafu yenyewe haikuwa imerekebishwa. Ilifungwa tu, na jina lililokuwa chini yake lilikuwa la Dahir.

Kabale, Dahir na Dada Kinya walikutana kila Jumamosi katika chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Isiolo. Walijitolea kwenye Ela, programu huria inayoonyesha kwenye ramani visima vinavyofanya kazi na vilivyokufa. Waliokuwa wakiiandika walitawanyika nchi za mbali, na hakuna kati yao aliyejua Kiswahili wala Kiborana. Kwa hiyo ripoti za hitilafu kutoka huku ziliwafikia hawa watatu kwanza. Walizisoma, wakazijaribu, zinazofanana wakaziweka pamoja, na zile za kweli wakazipeleka mbele.

Kabale angeachana na jambo hilo kama si ripoti ya Biliqo. Nayo ililalamikia kitu kilekile, ikafungwa vilevile, kwa jina lilelile. Hapo ndipo alipomfikiria baba yake Dahir. Mzee Guled alikuwa na boza, lori la tangi la kubebea maji, na shirika la misaada lililomkodi liliangalia ramani ya Ela kuamua boza liende wapi. Kisima kikionekana kimekufa, Mzee Guled alipata safari.

"Boza la mzee linaenda Korbesa siku hizi?" Kabale aliuliza, macho yake yakiwa kwenye kompyuta.

"Linaenda," Dahir alisema. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Dahir alimwangalia kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Tangu hapo Kabale alianza kuona mambo ambayo zamani hakuyajali. Dahir akipigiwa simu, alitoka nje kwenye ngazi na kuongea Kisomali kwa sauti ya chini. Kabale akipita nyuma yake, aliona kama anafunika kitu kwenye skrini. Labda alikuwa akifanya hivyo siku zote.

Mwishowe alimwambia Kinya, aliyeongoza kikundi.

"Una hakika?" Kinya aliuliza.

"Jina lake liko pale, Dada."

Jumamosi iliyofuata Kinya alimwonyesha Dahir zile ripoti na kumuuliza kwa nini alizifunga. Dahir alizitazama moja moja.

"Mimi sijafunga hizi."

"Jina ni lako," Kinya alisema.

"Naona ni langu." Akamgeukia Kabale. "Ndiyo maana uliniuliza habari ya boza. Baba anapeleka maji Korbesa na hajawahi kuficha. Mngeniuliza siku ileile."

Dahir alikunja waya wa chaji yake polepole, akaondoka.

Ijumaa, Kabale alikuwa amekaa dukani kwa shangazi yake ng'ambo ya msikiti. Alimwona Dahir akivua viatu na kuingia kuswali. Hotuba ilikuwa bado inaendelea pale simu yake Kabale ilipolia: ripoti ya Oldonyiro imefungwa. Aliyeifunga: Dahir.

Aliangalia mlango wa msikiti mpaka watu wakatoka. Dahir alikuwa katikati yao, akiongea na baba yake.

Kabale alimweleza Kinya, naye Kinya akawaandikia wenzao wa mbali, na jibu likaja kesho yake. Mwanzoni mwa mwaka walimwomba Dahir aweke ndani ya programu kifaa cha kufunga chenyewe kila ripoti ambayo mtumaji hajajibu swali kwa wiki mbili. Kifaa hicho kilifanya kazi kwa jina la aliyekiweka.

Kabale alifungua tena ripoti ya Korbesa. Swali lililokosa jibu lilikuwa lake mwenyewe, lile la kuomba picha. Alipiga simu, na kwa bahati aliyeituma, Mzee Tache, mlinzi wa kisima, alikuwa amefika Merti, ambako mtandao unashika.

"Swali gani?" mzee aliuliza. "Mimi nilituma, nikangoja mje kuona. Boza linatuletea maji na sisi tuko nayo. Tunanyweshea mbuzi. Mngelipeleka kwa wasio nayo."

Ripoti zilipelekwa mbele, hitilafu ikarekebishwa, na kisima cha Korbesa kikaonekana kizima kwenye ramani. Kabale alikwenda nyumbani kwa kina Dahir kumwomba msamaha. Alimkuta uani akiosha tangi la boza.

"Hukujua kifaa kinafunga ripoti za watu?" alimuuliza, baada ya kusema aliyokuja kusema.

"Nilisahau kama kipo."

Huenda ilikuwa kweli. Kabale alimtazama usoni akitafuta kitu, asijue ni kitu gani.

Dahir alirudi kwenye kikundi. Aliingia na salamu yake ya kawaida, Kabale akaitikia, ila sasa Dahir alikaa kwenye meza ya dirishani, peke yake. Na kila Dahir alipofunga ripoti, Kabale aliifungua na kuisoma yote kabla ya kuiacha. Hakumwambia mtu. Halafu siku moja alipitia orodha ya waliofungua kusoma ripoti alizozifunga yeye mwenyewe, akaliona jina la Dahir kwenye kila moja.