Mwalimu Mwita Upande wa Kulia

Mwalimu Mwita alikuwa mtu wa sheria mpaka akawa kero. Alitoka Tarime kuja kufundisha hesabu huku Mogitu, chini ya mlima, na kila asubuhi alikwenda shuleni kwa baiskeli, amebana ukingo wa kushoto wa lami. Akitaka kukata kona ananyoosha mkono, hata kama nyuma yake wapo mbuzi watupu. Kwenye kivuko cha wanafunzi alishuka na kukokota, hata Jumapili. Vijana wa bodaboda walimcheka: "Mwalimu, hao mbuzi wamekuelewa!" Yeye huwajibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, halafu huyoo, anakwenda zake.

Sasa sikia kilichomkuta mwezi wa nne, mvua zilipoikata barabara ya kushukia kutoka mlimani.

Alikuwa hajafika kwenye kona moja kali alipoona watu wanatokeza kwenye lami kutoka njia ya mashambani. Wanaume kama arobaini, matope mpaka magotini, wamebeba machela ya miti na blanketi. Juu yake alilala mwanamke, Yusta, aliyejifungua alfajiri na damu ikakataa kukata. Gari lisingeweza kupanda kule, na pikipiki haibebi mtu aliyelala. Mwita akashuka kwenye baiskeli, akasema, "Shikamooni, wazee."

Hakuna aliyeitika. Wazee wa huku, ambao mtoto asipowaamkia hapewi hata maji! Mwita akajua hapo pana jambo zito.

"Ukikutana na machela husalimii, wala hupiti," mzee mmoja, Basili, alimwambia bila kusimama. "Unatoa bega. Lakini wewe una kengele. Tangulia, utusimamishie magari. Tunampeleka kituo cha afya."

Mwita akawatazama wanavyobeba. Mwenye bega lililochoka hakusema kitu. Wa nyuma yake aliingia chini ya mti wa machela, yeye akatoka, na machela haikuyumba. Ungeweka bakuli la maziwa pale juu lisingemwagika. Hapakuwa na wa kuamrisha. Mwalimu huyu, ambaye kupanga watoto mstarini humchukua filimbi tatu na fimbo, alisisimka mwili mzima. Jamani, kumbe binadamu tunaweza hivi?

Akapanda baiskeli. Watu na machela walikuwa wamejaza upande wote wa kushoto, na malori huikata ile kona bila huruma. Basi Mwalimu Mwita, yule yule wa kunyooshea mbuzi mkono, akahamia kulia. Alikwenda uso kwa uso na malori, kengele inalia mfululizo, mkono mmoja hewani. Lori la kwanza likafunga breki, dereva akatukana ukoo mzima. La pili likasimama nyuma yake.

Baada ya kona alisimama trafiki, Afande Hilaria. Mwezi uliopita tu alikuwa amemsifu Mwita mbele ya shule nzima.

"Simama hapo! Mwalimu Mwita? Wewe?" Alicheka, haamini macho yake. "Kweli siku za mwizi ni arobaini. Shuka."

"Nimekosa, afande. Niandikie, lakini uniandikie huku natembea. Nikikaa hapa kuna mama atafia njiani."

"Mama gani?" Kalamu ilikuwa imeshaandika jina lake.

Mwita hakuhitaji kujibu. Machela ilitokeza kwenye kona, watu arobaini wanakimbia, na hakusikiki kitu ila miguu kwenye lami. Afande Hilaria akashusha kalamu.

"Mungu wangu," alisema taratibu. Halafu akapuliza filimbi, akaingia katikati ya barabara na kukimbia mbele yao, mkono juu. "Na wewe rudi kushoto!" akamfokea Mwita. "Huku nipo mimi sasa!"

Kituoni Yusta akapokelewa, mlango ukafungwa. Wanaume wakakaa kwenye nyasi, wanahema. Mwita akamsogelea Basili.

"Mzee, huyu ni binti yako?"

"Simfahamu. Nilikuwa napalilia. Machela imepita, nikaacha jembe."

Akamuuliza wa pili: huyo alikuwa anapeleka mahindi mashineni, gunia kaliacha njiani. Wa tatu hata jina la mgonjwa alilisikia hapo hapo mlangoni. Waliomtoa nyumbani kwake walishachoka na kuachia wengine huko nyuma. Mumewe peke yake ndiye aliyefika naye.

Mlango ukafunguliwa. Nesi Genoveva akachungulia, uso umembadilika. "Damu ya mume haikulingana na yake. Ndugu wengine wa mgonjwa ni akina nani? Tunahitaji damu sasa hivi!"

Wakasimama wote.

Nesi alidhani hawakumsikia. "Nimesema ndugu zake!"

"Ndio sisi," akajibu Basili.

Yusta alipona, na mtoto wake sasa anatambaa. Lakini ukimuuliza Mwita habari za siku ile, hatakueleza hayo, wala habari za malori. Atakueleza kwamba Afande Hilaria naye alikuwa amesimama, kofia kwapani, anakunja mkono wa shati. Na kwamba yeye mwenyewe, mtu wa Tarime asiye na ndugu hata mmoja huku, alijikuta yuko wima katikati yao, machozi yanamtoka.