Hesabu ya Wiki ya Likizo

…na mstari wa tatu nao umepinda, nifumue au nisifumue, nikifumua atachelewa, akichelewa atakimbia, akikimbia atafika pale kwenye mzunguko wa magari niliouchora huku anahema na macho yote yako kwenye geti la shule, basi sifumui, upinde tu, hakuna aliyekufa kwa msuko kupinda, “Mama, unanivuta,” “Pole mwanangu, inamisha kichwa kidogo,” naye anainamisha, amekaa kwenye kigoda katikati ya magoti yangu, shingo nyembamba hivi, sijui niliizaaje shingo nyembamba hivi, na bado anasimulia, alikuwa anasema nini, kengele, anasema kengele ya shule siku hizi inapigwa na mtoto wa darasa la sita na anaipiga ovyo kama anafukuza kuku, “Mapengo alikuwa anapiga tatu, anapumzika, halafu tatu tena,” ndiyo, Mapengo, tangu meno yake mawili ya mbele yang’oke hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata mama yake, siku ya mazishi nilimsikia kwa masikio yangu, Mapengo wangu, Mapengo wangu, nami nimesimama nyuma kabisa na miwani ya jua, mzazi miongoni mwa wazazi, watu wananishika mkono na kunipa pole, nikaipokea, uso mkavu… siku kumi na moja leo tangu agongwe pale akivuka, na saa nne asubuhi hii kuna kikao cha ajali, mkuu wa kitengo alinipigia jana kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto mwenye homa, “Sisi tuko salama, injinia, mchoro umefuata mwongozo, dereva wa pikapu ndiye aliyekuwa anakimbiza, wewe njoo na takwimu zako tu,” takwimu zangu, mwongozo unataka watu mia moja wavuke kwa saa ndipo kivuko cha waenda kwa miguu kichorwe, na takwimu zangu zinasema thelathini na mmoja, thelathini na mmoja kuanzia saa moja hadi saa mbili asubuhi, barabara ya shule yenye watoto mia tisa, na ofisini hakuna aliyeshtuka, au walioshtuka walinyamaza, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza, maana nilikuwapo, aliyehesabu ni mimi, mimi na huyu hapa, tumekaa chini ya mwavuli pembeni mwa barabara, mimi nahesabu magari, yeye anabonyeza kile kidude cha kuhesabia kila mtu anapovuka, ulimi nje kwa raha, na kwa nini alikuwa na mimi siku ya Jumanne asubuhi, kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, wiki ya pili ya likizo, nilijua kama ninavyojua jina langu, na nilimwambia mkuu, turudie shule zikifunguliwa, wiki tatu tu, akasema mkandarasi ameshaleta mitambo, tarehe ya ufunguzi imeshatangazwa, “Kwani Jumanne si siku ya kazi?” tukacheka, wote wawili, nikaandika kwa mkono wangu, hesabu ilifanyika siku ya kawaida ya kazi… na mzunguko ukawa mzuri, hilo ndilo linaloniuma, mzuri kweli, taa za kuongozea magari zilizokuwa zinazimika kila mvua zikang’olewa, magari yakaacha kugongana, katikati tukapanda miti na nyasi na kuchimba kibonde cha changarawe ili maji yazame ardhini badala ya kuingia madukani, wageni wakaletwa kuuona, nikapiga nao picha, nikawaeleza kila mche unakunywa lita ngapi, miche mia moja na kumi na miwili, hakuna hata mmoja uliosahaulika kuhesabiwa, “Mama watoto, taulo langu liko wapi?” baba yake huyo, anapiga kelele kutoka bafuni, “Liko begani kwako!” tunajibu kwa pamoja mimi na binti, huwa liko begani, tunacheka, na saa nne nitakwenda kikaoni niseme mwendo wa dereva, na si uongo, alikuwa na mwendo, kila dereva akitoka kwenye mzunguko anakanyaga mafuta, ndiyo maana kivuko huwekwa palepale karibu na mahali pa kutokea, gari limkute mtu kabla halijachanganya mwendo, haya ninayafundisha, nasimama mbele ya vijana wa mafunzo na kuyachora ubaoni, na dereva yuko mahabusu, mkewe alikuja ofisini Ijumaa, akakaa kwenye benchi la mapokezi tangu asubuhi hadi tulipofunga, nikapita mbele yake mara tatu, sikumwamkia… naweza kukichora kivuko kimyakimya, wiki ijayo, rangi nyeupe na tuta moja, nani atauliza, ila kuna mizunguko mingine miwili inajengwa kwa hesabu za wiki ileile, nayo iko karibu na shule, na nikinyamaza leo itafunguliwa hivyohivyo…

“Mama.” “Ee.” “Ile siku tuliyohesabu watu,” na vidole vyangu vinasimama kwenye nywele, amejua, ana miaka tisa si mjinga, amekumbuka kwamba ilikuwa likizo, “uliponituma maji ya kunywa, nilimwona paka ana watoto, nikakaa kuwaangalia, watu walipita, Mama, kama watatu hivi, mimi sikubonyeza,” anasema nini huyu, “ndiyo maana hamkuweka kivuko?” na hageuki, anayaambia magoti yake, siku kumi na moja anaamka usiku na kukaa kitandani, nami nikasema ni msiba, utapita, nikampa dawa ya minyoo, dawa ya minyoo, ee Mungu wangu, siku kumi na moja mtoto amebeba mzigo wangu kichwani na mimi nampa dawa ya minyoo… “Hapana,” nasema, “hapana, wewe hukukosea, hata ungebonyeza wote. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto hawakuwapo, kwa hiyo hesabu ilikuwa mbovu. Kosa ni la mama,” na sauti ni yangu, ndiyo mara ya kwanza naisikia ikiyasema, na iliyoyasema hapa itayasema na kule, saa nne, mbele ya mkuu, wakinifukuza wanifukuze, wakinishtaki wanishtaki, hilo limeisha, ila uso wake siuoni, naona kisogo tu, “Ulijua zimefungwa?” anauliza polepole, “Nilijua,” nasema, na kabla sijashika fungu la mstari wa nne anajiinua kidogo, anakaa wima, bega lake lililokuwa limeegemea goti langu linaondoka, na anakaa hivyo, kichwa amenipa nisuke, mwili wake haunigusi popote…