Basi Juu ya Keria

Usiku wa kuamkia safari niliota nimeamka mapema kujiandaa. Nikaona ni jambo la busara, kwa hiyo nikaendelea kuota.

Naitwa Skolastika Mligo, nafundisha jiografia sekondari hapa Njombe. Kwa miaka kumi na sita nimelichora Ziwa Viktoria ubaoni kwa chaki ya bluu na sijawahi kuliona hata siku moja. Ndiyo maana nilinunua pikipiki. Kutoka hapa hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita elfu moja, na nilikuwa nimeamua kuzimaliza zote kwa matairi mawili, wakati wa likizo, mimi peke yangu. Wiki nzima nilikuwa nahesabu siku kwa furaha.

Katika ndoto nimetandaza vifaa vyote sakafuni kama ramani, kaskazini juu. Tyubu ya akiba, pampu, plagi mpya, koti la mvua, dumu dogo la petroli. Spana namba kumi na nne inainua kichwa na kuuliza kama itakaa mfuko mmoja na spana namba kumi, maana hawaelewani. Naiambia kila mmoja atakuwa na mfuko wake. Inashukuru na kulala tena.

Kisha nalibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. Tairi linasema limeuchoka upepo wa hapa nyumbani.

"Unataka upepo wa wapi?" nauliza.

"Makambako."

Sikubishana nalo. Yeyote aliyewahi kushuka kwenye gari pale Makambako akaishika kofia yake kwa mikono miwili anajua kwamba tairi lilikuwa na hoja. Nikageuka kuchukua pampu, na tayari tulikuwa Makambako. Upepo unaingia wenyewe kwenye tairi, kwa foleni, bila kusukumana. Tairi linacheua mara moja na kusema limeshiba. Nilitamani kuruka kwa furaha, maana kilomita sitini za kwanza zilikuwa zimekwisha na sijatumia tone la petroli.

Nikarekebisha kioo cha pembeni. Kitabu cha pikipiki kinasema kazi ya kioo ni kuonyesha yaliyoachwa nyuma, na kioo hiki kilikuwa kimekisoma kitabu chote. Kilinionyesha madaftari ya kidato cha pili ambayo sikuyasahihisha. Kikanionyesha sufuria niliyoiacha na ukoko. Halafu kikamwonyesha mama yangu, kule Uwemba, anamenya viazi mbele ya jiko la kuni. Nikakigeuza kitazame mawingu. Kikaendelea kumwonyesha mama, sasa yuko angani na viazi vyake.

Hapo filimbi ikalia. Ilikuwa zamu yangu kupanda mzani wa kupimia magari. Mpimaji alikuwa bata mzinga aliyevaa fulana inayong'aa, na kalamu ameichomeka sikioni, ingawa sikuliona sikio.

"Kamwene," ananisalimu.

"Kamwene," naitikia.

Anapima kimoja kimoja bila haraka. Tyubu haina shida. Dumu halina shida. Anasifia hata mipira niliyofungia mizigo, niliyoikata mwenyewe kutoka tyubu kuukuu. Kisha anautazama mshale wa mzani, nami nautazama. Umesimama kwenye tani kumi na nne.

"Na hili basi?" anauliza.

Nageuka. Juu ya keria, limekazwa vizuri kwa mipira yangu, kuna basi zima la abiria sitini. Madirisha yako wazi, watu wanakula mahindi ya kuchemsha, na mzee mmoja ananiuliza kwa upole tunaondoka saa ngapi. Kwa kweli tangu asubuhi nilikuwa nahisi pikipiki inalemea nyuma.

"Ni basi nililomwambia mama," nikasema.

Ikabidi nimweleze. Mama anaogopa pikipiki tangu baba aanguke nayo kwenye utelezi, akachechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Mama akisema usiende, mimi siendi. Sijawahi kumpinga, na sikutaka kuanza nikiwa na miaka arobaini na moja. Lakini kwetu huwezi kusafiri mbali bila kuaga. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda kuaga kama inavyotakiwa, ila nikamwambia nakwenda kwa basi. Aliniombea. Akauliza nimekata kiti gani, nami bila aibu nikamjibu namba kumi na mbili, dirishani.

Kondakta akatoa kichwa na kuthibitisha kwamba kiti namba kumi na mbili kipo na kinanisubiri.

"Kwa hiyo aliyeombewa ni abiria wa kiti namba kumi na mbili," akasema bata mzinga huku akiandika. "Wewe wa pikipiki hujaaga."

Nikauliza kama naweza kulishusha hapo hapo. Akasema mzigo wa aina hii hushushwa pale ulipopakiwa. Nikapiga kiki niondoke hivyo hivyo. Pikipiki haikuwaka. Nikapiga tena, mara tisa, na abiria wakahesabu kwa sauti. Nikimwambia mama ukweli atanikataza, na ziwa langu litabaki la chaki mpaka nistaafu.

Nilipoinua uso, mzani ulikuwa umekuwa uwanja wa nyumbani kwetu Uwemba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Basi lako linakanyaga maharage yangu."

Nikaomba radhi. Nikakaa, nikachukua kisu, nikamenya viazi viwili kwanza kwa sababu sikujua pa kuanzia. Kisha nikamwambia yote. Kwamba hakuna kiti wala dirisha. Kwamba ni pikipiki, ni nyekundu, na nitakuwa peke yangu. Nikamwambia nina hamu kubwa ya safari hii, na ndiyo maana nilimdanganya. Abiria sitini waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Kuanguka naogopa," alisema. "Lakini Jumapili mimi nimeombea kiti. Ungepata shida njiani, maombi yangu yangekuwa yamekaa peke yake kwenye basi."

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Mama akaenda kuwaambia abiria washuke. Walishuka mmoja mmoja, kila mmoja akimwamkia, wakalisukuma basi lao hadi barabarani, likaenda zake. Kisha akachota maji kikombeni, akajaza mdomo, akanipulizia usoni kama wanavyofanya wakubwa wetu wakimtakia mtu heri. Akaipulizia na pikipiki, kwenye taa.

"Haya," akasema. "Ipige sasa."

Nikainua mguu, nikaamka.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka na baridi ya Julai iko palepale. Nikaenda sebuleni. Pikipiki ilikuwa imesimama kati ya kochi na kabati, ninapoilaza kila siku, mizigo imefungwa tayari. Uso wangu ulikuwa mkavu na taa yake ilikuwa kavu. Nikaanza kujiambia kwamba ndoto ni ndoto tu, nitampigia mama nikishafika.

Simu ikaita. Alikuwa yeye, mama ambaye hajawahi kuniambia lolote kuhusu pikipiki hii kwa sababu hajui kama ninayo.

Hata salamu yangu hakuisubiri.

"Skola," akasema, "imewaka?"

Nikaitazama pikipiki.

"Bado, mama."

"Basi ipige. Nasikiliza."

Nikafungua mlango wa sebule, nikaiweka simu juu ya tangi, nikapiga kiki.