Bafu la Nane Halikupimwa

Mama mwenzangu mwenye mtoto kazini, kabla hujampigia simu ya tatu kwa asubuhi moja, kaa kitako unisikilize. Mimi nilipiga kumi na moja.

Binti yangu wa kwanza ni fundi bomba wa maji moto. Nasema ni, maana ulimi haujazoea kusema alikuwa. Si fundi wa kuzibua masinki tu. Alikuwa na cheti cha kushughulikia vali za maji moto, na kila baada ya miezi sita alikwenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwetu, kuzipima zote. Mabafu manane, vali nane.

Mimi wasiwasi nimezaliwa nao. Marehemu mume wangu aliniita King'ora, na watoto wakalidaka jina. Mtu akichelewa dakika kumi, mimi nimeshamzika, nimeshamlilia, nimeshagawa na nguo zake. Kwa hiyo binti alipoanza kazi ile ya maji moto nilimsumbua mpaka akanieleza. Alikaa jikoni, akaweka vikombe viwili mezani.

“Hiki moto, hiki baridi. Kwenye tangi maji yanakaa nyuzi joto sitini, yasije yakaota vijidudu. Lakini nyuzi sitini zikimpata mzee, Mama, ni kufumba na kufumbua, ngozi imebanduka. Sasa vali inakaa hapa katikati, inachanganya, yatoke nyuzi arobaini na moja.”

“Na baridi ikikatika ghafla?”

Alicheka. “King'ora leo umelia pazuri. Hapo ndipo penye kazi. Nikishapima kwa kipimajoto, nafunga koki ya baridi makusudi. Vali nzima inakata na ya moto hapohapo. Vali iliyoshikwa na chokaa ya maji inazubaa, inayaacha ya moto yapite peke yake. Ikizubaa naifungua, naisafisha, au naitoa naweka mpya.”

“Na usipofunga hiyo koki?”

“Basi hujapima. Umeangalia tu.”

Maneno hayo niliyasambaza kwa majirani wote, utadhani vali nimezibuni mimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, anga limefunga tangu alfajiri. Nilikuwa naanua nguo kabla mvua haijashuka. Nikainama kuokota kibanio, nikainuka haraka, kizunguzungu kikanipitia. Kikapita. Ndiyo hivyo tu, hakuna zaidi. Lakini kichwa changu hakijui kuishia hapo. Nikampigia binti. Hapokei, maana akiwa kazini simu huifungia kwenye sanduku la vifaa isilowe. Nikapiga tena, na tena, na kila isipopokelewa moyo unazidi kwenda mbio, na ukienda mbio najiambia, umeona, ni moyo huo. Ya kumi na moja nikapiga mapokezi ya nyumba ya wazee.

“Nani mwenzangu?”

“Mama yake fundi. Mwambieni mama yake ameanguka.”

Kwa nini nilisema nimeanguka? Kwa sababu namjua. Ningesema kizunguzungu angejibu, “Kunywa maji, Mama, nakuja jioni.” Mimi nilitaka aje sasa hivi.

Alikuwa bafu la nane, la mwisho. Kipimajoto ameshakiweka, arobaini na moja barabara. Koki ya baridi alikuwa hajaifunga. Fomu ilitakiwa ofisini kabla hajatoka, akatia tiki mistari yote minane, akaweka sahihi, akajiambia atarudi, akatoka mbio.

Alinikuta sebuleni na jirani, tunakunywa chai. Amelowa chapachapa, anahema.

“Umeanguka wapi, Mama?”

“Si kuanguka kwenyewe hasa...”

“Kaangukia kochi,” jirani akadakia. “Na chai haikumwagika hata tone!”

Binti hakucheka. Alisimama pale mlangoni na sanduku lake mkononi. “Nimeacha bafu moja, nimepima joto tu, koki sijafunga. Narudi.”

“Urudi na mvua hii? Maji si umeshayapima?” nikamwambia. “Kaa na mama yako kidogo. Hilo bafu litakimbilia wapi?”

Ilikuwa saa sita mchana. Akaniangalia, akaangalia mvua, akaweka sanduku chini.

Kesho yake nikamtaka anipeleke zahanati, nikaambiwa sina kitu. Keshokutwa yake akapangiwa kazi upande mwingine wa mji. Bafu la nane likabaki kwenye karatasi na tiki yake.

Wiki ya tatu, asubuhi, pampu ya maji baridi ikazimika. Bafu la nane alikuwemo mzee mmoja aliyewahi kuwa seremala, amekalishwa kwenye kiti cha kuogea, miguu haimbebi. Mhudumu aliyajaribu maji kwa kiwiko, yakawa sawa, akageuka kuchukua taulo. Baridi ikakatika. Vali ikazubaa. Taulo lilikuwa hatua nne tu, na mhudumu alirudi kwa mruko mmoja, lakini mgongo na mapaja vilikuwa vimeshaungua. Mzee alikaa hospitali siku tisa. Ya kumi hakuiona.

Binti yangu alipopata habari hakulia. Alikwenda akaifungua vali ile mbele ya mkuu wake wa kazi. Ndani chokaa imejaa, nyeupe, ngumu kama jino.

Wakaitisha kikao palepale kwenye nyumba ya wazee: mkuu wake wa kazi, meneja wa nyumba, na binti wa marehemu, mwanamke wa makamo aliyevaa nguo nyeusi. Kilichokuwa mezani ni cheti cha mwanangu, kibaki au kiondoke. Mimi nilimfuata ingawa alinikataza, nikakaa kwenye benchi la nje. Mlango haukufungwa vizuri, nilisikia yote.

“Bafu la nane ulifunga koki ya baridi?” mkuu akauliza.

“Sikufunga.”

“Na tiki hii?”

“Yangu.”

“Kwa nini?”

Karatasi zikafunuliwa, kisha sauti ya meneja: “Mapokezi wameandika hapa. Fundi ameondoka, mama yake ameanguka.”

Binti wa marehemu alishusha pumzi nikaisikia mpaka nje. “Kama ni mama,” akasema polepole, “hata mimi ningekimbia. Ningeacha chochote.”

Mkuu akakohoa. “Basi tulitazame hivyo. Asimame kazi miezi mitatu, cheti kibaki.”

Hapo ningetulia kwenye benchi langu na kushukuru. Lakini nikaona mwanangu anabeba mzigo peke yake, nikasukuma mlango. Nilitaka wajue ni mimi niliyemwita, wamhurumie zaidi.

“Mimi ndiye mama yake,” nikasema. “Ndiye niliyepiga simu.”

Binti wa marehemu akainuka, akanishika kiwiko, akanisogezea kiti chake mwenyewe. “Pole, mama. Uliumia wapi?”

Nilimwangalia mwanangu. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, alikuwa anaangalia mikono yake. Neno moja tu lingetosha. Mguu. Kiuno. Na cheti kingebaki. Lakini mkono wa yule mwanamke ulikuwa bado umenishika, wa moto, na mwenyewe amefiwa, nikashindwa.

“Sikuanguka,” nikasema. “Kilikuwa kizunguzungu kidogo. Nilisema vile ili aje.”

Akaniachia.

Mkuu hakunigeukia mimi. Alimgeukia mwanangu. “Ulifika nyumbani saa ngapi?”

“Saa sita.”

“Ukamkuta mzima.”

“Mzima.”

“Nyumba hii iko wazi mpaka jioni. Na kesho yake ilikuwa wazi. Na wiki tatu zote. Mbona hukurudi?”

Nikafungua mdomo niseme mimi ndiye niliyemzuia, niseme mvua, niseme chai. Mwanangu akainua kiganja kuninyamazisha, mara ya kwanza tangu nimzae.

“Niliambiwa nikae, nikakaa,” akasema. “Lakini miguu ni yangu.”

Mkuu akakivuta cheti, akakitia kwenye bahasha, akailamba akaifunga. Hatapima tena vali popote wanapoogeshwa wazee, wagonjwa wala watoto.

Watu wananiambia nilifanya vizuri kusema kweli. Sijui. Kweli hiyo nilikuwa nayo tangu Jumatano ile saa sita, nimeishika pamoja na kikombe. Ningemwambia pale mlangoni, nimekudanganya mwanangu, kimbia ukamalize, angekwenda akafunga koki. Hilo ndilo nataka ulishike, mama mwenzangu. Mtoto wako akiwa kazini, kuna mtu usiyemjua anayemtegemea amalize. Usimwite kwa hofu zako. Na ukiwa umeshamwita, mrudishe, hata kama mvua inanyesha, hata kama atakununia.

Tulipotoka, binti wa marehemu alitufuata kwenye korido. Nikadhani anakuja kunitukana, nikajiandaa. Hakunitazama kabisa.

“Dada,” akamwita mwanangu. “Ile vali mpya waliyoiweka, imepimwa?”

“Sijui. Aliyeiweka si mimi.”

“Kuna mzee mwingine wameshamhamishia upande ule. Huwezi kuingia mara moja tu, ukaniangalizia?”

“Siruhusiwi tena kuigusa.”

Yule mwanamke akaanza kugonga milango ya korido, mmoja baada ya mwingine, akiuliza nani hapa anahusika na maji. Mwanangu akamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Tukaendelea kusikia akigonga.