Hitilafu ya Mwanabaraka

Jumatatu moja ya mwaka 2006, saa tatu asubuhi, Miraji alipiga magoti mbele ya seva ya kampuni ya walezi wa wazee, mtaa wa Thornton Heath huko ughaibuni, ndani ya kabati lililo nyuma ya jiko la ofisi. Taa iliwaka rangi ya chungwa. Kioo kidogo kiliandika: FENI 2 IMESIMAMA. Akabadilisha feni, akafuta ujumbe. Ukaja wa pili: GOTI LA KUSHOTO, SESILIA.

Sesilia alikuwa mmoja wa walezi, kazi yake kunyanyua wazee vitandani. Miraji akafungua kitabu cha hitilafu. Magoti yalikuwa ukurasa wa 212, baada ya betri, na maelekezo yalikuwa yale yale: rekebisha kwanza, kisha futa. Lakini vipuri vya magoti kampuni haikuwa navyo, na mwenye ujumbe usiofutwa seva ilimtoa kwenye zamu za wiki nzima, bila malipo. Kwa hiyo walezi wenyewe walimpigia simu mapema kumwomba afute. Sesilia alishamletea na chapati. Akabonyeza kitufe.

Ukaja wa tatu: MOYO, MWANABARAKA.

Miraji akakaa sakafuni. Mwanabaraka ni dada yake, naye mlezi hapo, aliyemlea tangu wakiwa kwao Wete. Ukurasa wa moyo aliusoma mara nne. Ulikuwa na mstari mmoja wa ziada: onyo hili hutolewa mara moja tu.

Kamande, meneja, akachungulia. "Bado huja-clear? Inspectors wanaingia saa nne, nataka hiyo taa iwe blue."

"Huu moyo wa dada yangu."

"Pole sana, bro," Kamande alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini leo ako na double shift. Nikimtoa, nani ataenda?"

Miraji akampigia dada yake simu. Alikuwa ndani ya basi.

"Dada, mashine imekutaja. Moyo. Nenda hospitali leo, n'nakuomba."

"Najua, mdogo wangu. Wiki ya pili hii moyo unanibana."

"Ujumbe ukifutwa hautoki tena."

"Nikae nyumbani wiki nzima, mwanangu Afnan atakula nini? Futa. Na mama usimwambie."

Miraji alikaa na kidole juu ya kitufe mpaka saa nne kasoro dakika mbili. Alimchukia Kamande, na nafsi yake akaichukia zaidi. Kisha akabonyeza.

Taa ikawa buluu. Wakaguzi walifika, mmoja akachungulia kabatini, akaandika kwamba kila kitu kiko sawa. Saa tano printa ikatoa ratiba mpya. Mwanabaraka alipangiwa zamu kila siku, na Jumapili zamu mbili.