Ulimi wa Mzee Sabiri

Kila asubuhi Fatu hufuta kioo cha kabati lake kwa kitambaa chenye maji, na kila asubuhi, kabla kioo hakijakauka, lori la mkonge hupita na kumrudishia vumbi lake lote. Duka liko Korogwe mjini, Manundu, katikati ya saluni ya Dorkasi na fundi pikipiki. Ukutani ameandika VITO NA MADINI, TUNANUNUA TUNAUZA, na chini yake, kwa rangi iliyokuwa inaishia koponi, PIA VOCHA. Ndani kuna ganeti nyekundu, tomalini za kijani, kwatzi nyeupe kama barafu, na ndoo ya mawe ya waridi ambayo watalii wanaopanda Lushoto hununua ili yawatulize nafsi. Fatu huwauzia kwa uso wa kuaminika kabisa. Yeye mwenyewe amekaa nayo miaka, na nafsi yake haijatulia hata siku ya Ijumaa.

Biashara ya mawe ina desturi yake. Jiwe ghafi likiwa kavu halionyeshi rangi, linafanana na kipande cha sabuni ya mche kilichosahaulika juani. Kwa hiyo mnunuzi hulilamba kwanza, kisha hutoka nalo mlangoni, hufumba jicho moja na kuliinua juani. Mkulima aliyeliokota kwenye muhogo wake atalilamba, dalali atalilamba, mgeni kutoka Arusha atalilamba, na hakuna anayemuuliza aliyetangulia alikula nini.

Mume wa Fatu, Hiza, alikuwa mchimbaji. Masika ya mwaka jana shimo alilokuwa akichimba, upande wa Kang'ata, liliporomoka naye akiwa chini. Mwenye shimo, Mzee Sabiri wa Handeni, aliagiza lifukiwe, akatangaza kwamba ndani hamkuwa na mtu. Alipoulizwa Hiza yuko wapi, alisema amesafiri. Hakusema wapi.

Tangu hapo Hiza hurudi nyumbani kwa njia ya chini. Hutokea dukani baada ya swala ya alasiri, kwenye ufa wa sakafu ulio karibu na kabati, kichwa kwanza, na kofia yake ya plastiki.

"Nimefagia sasa hivi," Fatu humwambia.

"Ningepita mlangoni, mke wangu, ila kule chini hawajaweka mlango."

"Basi nyundo iache hukohuko. Utanivunjia kioo."

Hiza hunywa chai, huilalamikia sukari, huweka juu ya kabati ganeti moja au mbili zenye wekundu wa juisi ya rozela, kisha hushuka kabla ya magharibi, kwa sababu kukiwa na baridi ule ufa hubana. Dorkasi, ambaye ni wa Kwashemshi na hana haya, huchungulia kutoka saluni na kitana mkononi.

"Shemeji, mbona unakonda? Huko hawapiki?"

"Huko giza, shemeji. Mtu hujui hata kama umeshiba."

"Na nywele je! Njoo nikunyoe, nitakufanyia bei ya marehemu."

"Mimi si marehemu," Hiza hujibu, bila kinyongo. "Nimesafiri. Muulize Mzee Sabiri."

Hapo ndipo utani ulipokuwa ukimkwama Fatu kooni. Nguo zake nyeupe za eda alikuwa ameshazinunua, zimekunjwa kwenye droo chini ya mizani. Alitaka Hiza aswaliwe, watu waweke matanga, naye akae eda kama mwanamke aliyefiwa, si kama mwanamke aliyekimbiwa. Lakini Shehe Mustapha alikuwa amemweleza kwa upole kwamba hawezi kumswalia mtu ambaye tajiri wake anasema yuko safarini, hasa mtu ambaye yeye shehe alikunywa naye chai Jumanne. Mzee Sabiri akitamka kwamba Hiza alikuwa shimoni, basi, yamekwisha, swala inaswaliwa. Shehe alisema hayo akitazama spika mpya za msikiti. Spika alizileta Mzee Sabiri.

Sasa, mawe ya Hiza yalikuwa na tabia yake. Aliyeigundua ni dalali mmoja, Fabiani. Alilamba ganeti mojawapo, ulimi ukawa mwekundu, na kabla hajafika mlangoni ulimi ukasema, kwa sauti yake mwenyewe na kwa matamshi mazuri, kwamba ile zumaridi aliyomuuzia mwalimu Richard ni kitako cha chupa ya soda. Mwalimu Richard alikuwa amesimama palepale akinunua vocha. Mate yalipokauka ulimi ukamrudia mwenyewe, akaaga kistaarabu, akatoka mbio. Kuanzia wiki ile madalali wa Korogwe wakawa wanatembea na chupa za maji ya kulowanishia mawe. Waliulizwa, wakasema ni mambo ya afya.

Mzee Sabiri hakupata habari hizo, kwa sababu anakaa Handeni, na kwa sababu watu huacha kuongea akiingia. Alichosikia ni kwamba ganeti zenye rangi ya shimo lake zinauzwa Korogwe. Akapiga simu kwamba anakuja Alhamisi. Fatu akamwalika shehe chai siku hiyohiyo. Dorkasi hakualikwa, alikuja tu, pamoja na mteja wake aliyekuwa amesukwa nusu kichwa.

"Shikamoo mzee," alisema Fatu.

"Marahaba. Haya mawe ni ya shimo langu."

"Shimo lipi, mzee?"

"La Kang'ata."

"Si ulilifukia?"

"Nililifukia. Nani anakuletea?"

"Mume wangu."

"Si amesafiri?"

"Ndiyo, mzee. Hakosi kuja na zawadi."

Fatu akatoa ganeti kubwa kuliko zote, ya ukubwa wa yai la kanga, akaiweka juu ya kitambaa. Pembeni akaweka glasi ya maji safi, asije mtu akasema amelazimishwa. Mzee Sabiri aliitazama ile glasi kama mtu mzima anavyotazama chupa ya maziwa ya mtoto. Amezeekea kwenye mawe. Akalilamba jiwe, upande huu na upande ule.

"Hiza alikuwa shimoni," ulimi wake ulisema, mwekundu. "Nilimsikia akigonga na nyundo. Wakaniuliza tumfukue, nikasema fukieni. Tungemfukua, wangekuja wakubwa kuufunga mgodi."

Fundi pikipiki alizima injini. Kitana cha Dorkasi kilibaki hewani. Mzee Sabiri alitoka mlangoni, akafumba jicho moja, akaliinua jiwe juani, akaligeuza taratibu. Mate yakakauka.

"Jiwe zuri," alisema.

Fatu alimgeukia shehe. "Umesikia, shehe."

"Nimesikia." Shehe alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Ulimi umesema. Mwenye ulimi bado hajasema."

"Basi sema mwenyewe, mzee. Watu hawa hapa. Nitakupa na jiwe."

"Niseme nini, mwanangu? Shimoni hamkuwa na mtu."

Hapo vumbi lilitifuka karibu na kabati. Hiza akatoka kichwa kwanza, akaona mgeni, akavua kofia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Hiza. Safari inaendaje?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Na mkanda wa mawe? Unaendelea huko chini?"

Hiza hajawahi kudanganya kuhusu kazi. "Unaendelea, mzee. Umekata kuelekea Kabuku, tena mnene."

Mzee Sabiri aliwaza kidogo. Akasema ni hasara mtu kukaa kule bure wakati kazi ipo. Akamrudisha kazini palepale, kwa masharti yaleyale ya zamani, isipokuwa chakula, kwa kuwa siku hizi hali kitu. Akaahidi kumletea tochi. Hiza alimtazama mkewe, akatazama kofia yake.

"Tochi itanifaa," alisema. "Kule giza kweli."

Shehe alisema hilo limerahisisha mambo, maana mtu mwenye ajira hawekewi matanga. Dorkasi alisema jambo kwa Kishambaa. Shehe, aliyezaliwa milimani kulekule, alijifanya hakulielewa, akamaliza chai yake, akaomba lifti kwenye gari la Mzee Sabiri mpaka msikitini.

Tochi ililetwa baadaye na bodaboda, haina betri. Betri alinunua Fatu. Siku hizi mawe hupanda mengi zaidi, na gari hutoka Handeni kuja kuyachukua. Fatu huachiwa yale madogo, kwa ajili ya usumbufu wa sakafu.

Juzi alikuja mama mmoja wa Kabuku, anatafuta jiwe la pete ya binti yake. Mama wa heshima, kanga zake mpya, hana haraka. Fatu akamchagulia ganeti ndogo ya Hiza. Yeye Fatu hakuwahi kuyalamba mawe ya mumewe, siku zote alitumia maji.

"Na bwana hajambo?" mama aliuliza, kwa mazungumzo tu, huku akifungua pindo la kanga.

Glasi ya maji ilikuwa palepale karibu na mkono. Fatu aliisogeza pembeni, akalilamba jiwe.

"Nimefiwa na mume," ulimi wake ulisema.

"Oo, pole, mwanangu. Pole sana." Mama aliacha pindo lake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Lini?"

"Masika ya mwaka jana. Kaangukiwa na shimo."

"Mungu amrehemu. Pole, mama. Pole."

Hakuna aliyewahi kumpa Fatu ile pole. Alisimama nayo hapo kwenye kabati, mkono wake ndani ya mikono ya mgeni, bila kumeza, kwa muda wote ambao mate yalikuwa hayajakauka. Lori la mkonge lilipita. Kisha mate yakakauka.

"Lakini yuko kazini," alisema. "Alasiri atatoka."

Akamfungia mama jiwe lake kwenye karatasi, akaenda kubandika birika.